Minazi ya Tatu ndani ya Shamba la Latifo

Watu wanasema mjukuu wangu Samiha alichukua minazi ya mdogo wangu Tatu akampa Latifo. Mimi nasema hivi: kuchukua aliichukua, ila hakujua kuwa anaichukua. Na huko kutojua ndiko kunakoniudhi zaidi, maana msichana huyu nimemlea mimi, na madafu ya minazi ileile ndiyo aliyofuturia utoto wake wote.

Kwetu huku shamba ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Marehemu mume wa Tatu alikuwa na shamba, lakini miche aliipanda Tatu, akaimwagilia kwa ndoo ya kichwani, na mumewe akatamka mbele ya watu kwamba ile ni ya mke wangu. Mume alipofariki, shamba likaenda kwa mdogo wake, Latifo. Minazi haikwenda popote. Latifo analima muhogo chini, Tatu anaangua nazi juu, na kila akiangua humpelekea shemeji yake nazi za heshima. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Ikapatikana gesi baharini, tukaambiwa kijiji kitahama, miti itakatwa na kila mwenye mali atalipwa fidia. Samiha alikuwa amesomea kompyuta mjini Nampula. Akarudi, akaajiriwa mjini Palma na kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kupanga mali za watu: kila kitu kitolewe upande wa kijiji cha zamani, kiingizwe upande wa kijiji kipya, huko ndani ya mashine, kabla sisi wenyewe hatujanyanyua mguu. Nilijivuna, sitakataa. Kila aliyepita mlangoni kwangu nilimwambia.

Siku ya kusomewa mali tuliitwa kiwanja cha shule. Karani wao, Luísa, alisoma kwa Latifo: shamba, muhogo, mikorosho, minazi yote. Kwa Tatu akasoma nyumba ya miti na udongo, akaishia hapo.

"Endelea," Tatu akamwambia.

"Mama, imekwisha."

"Na minazi yangu?"

Luísa akatazama tena. "Imo kwa senhor Latifo."

Latifo alikuwa amekaa mbele na kofia mpya. "Shemeji, si mimi. Mashine ndiyo iliyosema."

"Mashine ilikuwepo nilipokuwa nachota maji?"

Watu wakacheka. Nyuma yangu mtu akasema, "Si ndiyo ile ya mjukuu wa bibi huyu?" Niliondoka mkutano haujaisha, nikatafuta gari la Palma.

Samiha nilimkuta ofisini anakula mkate. Salamu yake sikuipokea.

"Minazi ya kwa Latifo ni ya nani?"

"Ya bibi Tatu," akasema, mkate mkononi.

"Mbona umempa Latifo?"

Alifungua kompyuta akasoma, na nikamwona uso unambadilika. Ndipo akanieleza. Lugha anayoiandikia mashine inaitwa Rust, yaani kutu. Nikamwambia mabati yetu yote yana kutu na hatukwenda Nampula kuisomea. Hakucheka. Akasema lugha hiyo ina sharti: kitu kina mwenyewe mmoja tu. Ukikitoa kapu hili ukakitia kapu lile, kimehama. Ukikiita tena kule kilikotoka, inagoma, na kazi haiendi mpaka urekebishe. Na kikihama kinaondoka na vyote vilivyomo ndani yake.

"Sasa kosa liko wapi?"

"Niliiweka minazi ndani ya shamba, bibi. Fomu ya ofisi ndivyo ilivyo, shamba na chini yake miti. Shamba la babu Latifo likahama na minazi yake tumboni."

"Fomu ndiyo iliyokulea?"

Hapo akaingia mkubwa wake, injinia Cosme, mtu wa kusini, mpole wa kuudhi. Akasikiliza kidogo, akatabasamu.

"Jambo dogo, mama. Samiha, toa nakala. Moja ibaki kwa mzee Latifo, moja mpe mama mwenye minazi. Wote wafurahi."

"Nakala ni minazi mingine, injinia," Samiha akasema. "Itaonekana miwili pale ulipo mmoja. Wakubwa wakiona hivyo wataufuta upande mmoja."

"Watafuta upi?" nikauliza.

Cosme akaitazama saa yake. "Usio na shamba, kwa kawaida."

"Yaani wa Tatu."

"Ni kawaida tu, mama."

Nikavuta kiti nikakaa. Akaniuliza kama nina shida nyingine. Nikamwambia ni hiyohiyo.

Samiha alikuwa hatutazami. Alisema lililopo ni kulimwaga kwanza kapu la minazi lililomo ndani ya kila shamba, kapu hilo libaki tupu lakini zima, maana shamba lililopungukiwa kapu mashine hailihamishi; minazi iingie kapu lake yenyewe, kila mmoja na jina la mwenyewe; halafu ndipo shamba lihame. Na si kwa Latifo peke yake, bali kijiji kizima.

"Tunakabidhi Ijumaa," Cosme akasema.

"Basi kabidhi, ila jina langu litoe," Samiha akasema.

Cosme alitoka bila kufunga mlango. Ijumaa hakikukabidhiwa kitu.

Lakini mashine haijui mnazi huu ni wa nani, na Samiha naye hakuwahi kuuliza. Ikabidi aje kijijini, apite kwa miguu nyumba kwa nyumba. Wengine hawakumkaribisha hata maji. Tatu alimwacha amesimama uani juani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Bibi, mimi Samiha."

"Samiha ninayemjua haulizi minazi hii ni ya nani. Wewe ni mgeni. Uliza kama mgeni."

Akauliza kama mgeni, machozi yanamtoka, na mimi sikumtetea. Kisha akaenda kwa Latifo.

"Ya shemeji," Latifo akasema. "Nani asiyejua?"

Tatu alikuwa amemfuata nyuma. "Kofia ilikuziba masikio siku ile?"

Tulipoitwa mara ya pili, Cosme alikuja mwenyewe na Samiha akakaa pembeni ya Luísa na kompyuta yake. Kwa Latifo lilisomwa shamba, muhogo na mikorosho. Kwa Tatu ilisomwa nyumba, halafu minazi, na wanawake wakamgeukia wote. Yeye alisimama wima, kanga ameifunga kama anayekwenda kulima.

"Mama, unakubali?" Luísa akauliza.

"Kwamba ni yangu, nakubali. Kwamba ikatwe nihame, sijakubali."

Luísa akamtazama Cosme. Cosme akasema kwa upole wake uleule kwamba ndani ya mashine pana majibu mawili tu, ndiyo au hapana.

Tatu alimgeukia Samiha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani akamwita kwa jina.

"Samiha, aliyeandika ni wewe. Ongeza jibu la tatu."