Nilikata bomba moja kwenye gari letu la siti mbili, rafiki yangu akapoteza mguu

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii hata mke wangu sijamsimulia yote. Sipunguzi wala siongezi.

Mi ni fundi wa kuchomelea, Bwiza, Bujumbura. Rafiki yangu Erike alisoma mécanique, ufundi wa mitambo, na tangu shule alitaka kitu kimoja: kujenga kagari ka sport ka siti mbili, kepesi sana. Yeye achore, mi nichomelee.

Tulijenga miaka miwili. Chasisi ya mabomba membamba, injini nyuma ya siti. Kila kipande Erike alikipima kwenye mzani wa mchele. Mtu aliyekuja na boliti nzito alirudishwa nayo.

Shida ikawa injini. Ukitaka kuitoa, bomba la mshazari nyuma ya siti linazuia. Siku moja Erike hayupo, nikalikata na grainda. Si tunatafuta wepesi? Nikapiga rangi, nikafunika na bati.

Sikumwambia.

Jumapili asubuhi tukaenda kufanya test barabara ya bandarini. Mi usukani, yeye pembeni, ameinamisha kichwa anasikiliza injini. Kona ya pili chasisi ikajipinda palepale nilipokata, gurudumu la nyuma likalala. Tukagonga ukuta, upande wake.

Mi nilitoka na mikwaruzo. Erike walimkata mguu juu ya goti.

Hospitalini akaniuliza, "Ndugu, kuna kitu ulibadilisha?"

"Apana."

Akiwa bado amelazwa, nikayakatakata mabaki yote nikauza chuma chakavu.

Basi akaamini hesabu zake ndizo zilimkata mguu. Miezi alizirudia kitandani, kosa halioni. Mwisho akamwomba mama yake achome madaftari yote. Hata kazi yake ya kufundisha michoro shuleni akaacha.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwao Musaga, nikamwambia.

Hakunitukana.

"Kumbe nilichora vizuri," akasema.

Akageukia ukutani, akalia. Mama yake akanifungulia mlango nitoke.

Tangu hapo simu yangu hapokei.

Funzo: kama hujui kitu kimewekwa kwa nini, muulize aliyekiweka. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Mi nimejifunza wakati haimsaidii mtu.

Kama kuna aliyewahi kumfanyia rafiki hivi na akasamehewa, aandike hapa chini alianzaje. Wa kunitukana pia aandike, nitasoma.