Samaki wa Jumanne

Enzi zetu za korona, sisi tuliokuwa na miaka kumi au kumi na miwili, likizo ya Januari haikuwa na safari. Mnakumbuka. Mipaka ilifungwa, kanisani Blacktown tulikaa mbalimbali bila ruhusa ya kuimba, na mtoto akikohoa ndani ya treni watu wazima walihama viti. Nyumba yetu ya Doonside, hapa Sydney, ilikuwa na feni moja, na feni hiyo ilimfuata mama. Akikaanga maandazi, feni ilikuwa jikoni. Mpaka avae sare aende zamu yake ya mchana hospitalini Westmead, ndipo mimi na mdogo wangu Amani tuliipata.

Watoto wa leo hawawezi kutazama vidio ya dakika moja bila kuiharakisha kwa kidole. Sisi tulitazama tundu. Tundu kwenye barafu, saa nzima, na mara nyingi hakikutokea kitu.

Tundu lilikuwa la baba mdogo. Baba yetu alifariki tukiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, na ndugu yake huyo, wa pekee aliyebaki, alipelekwa Kanada, sisi tukaletwa Sydney. Saa nne asubuhi kwetu, jua limeshachoma paa, kwake ilikuwa jioni ya baridi. Alipiga simu ya vidio akiwa ameketi juu ya ndoo katikati ya ziwa lililoganda. Kiwanda cha nyama alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Aliishi peke yake. Ndevu zake zilikuwa nyeupe kwa barafu, nasi tulimcheka kwamba amezeeka tangu jana.

Alimvua samaki ambaye wenyeji wa huko humwita walleye. Yeye alimbatiza Macho-Kioo, kwa sababu ana macho ya kung'aa yanayoona vizuri kwenye mwanga hafifu. Ndiyo maana unamngoja jua linapozama. Alitufundisha kana kwamba kesho tungekwenda naye. Toboa matundu yote mapema, kisha nyamaza, maana kelele za keekee ya kutobolea humfukuza. Tafuta mahali ambapo sakafu ya ziwa inateremka ghafla. Chambo kikae shibiri moja juu ya tope. Mshipi wa kwanza uuchezeshe, juu, chini, halafu utulie, kwani huuma chambo kinapotulia. Mshipi wa pili utie kidagaa hai, usiuguse.

"Hata huku mkubwa anakula ndagala," alisema, akiwaita dagaa kwa jina la nyumbani, "kama watu wa kwetu Uvira."

Mshipi wa pili tulikabidhiwa sisi. Aliegemeza simu ielekee tundu hilo, akalipa jina, leo la Amani, kesho langu, na mwenye tundu alipaswa kupiga kelele kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mshipi kikitikisika. Yeye alichezesha mshipi wake nyuma ya simu. Samaki alikuja upande wake, pale tusipopaona, lakini alimwinua mbele ya kamera akisema, "Huyu ni wa mwenye tundu."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mwalimu wa sayansi alitwambia tusikubali jambo bila ushahidi, nami nikalibeba fundisho hilo mpaka nyumbani. Baba mdogo akisema mchana hawaumi, nilimuuliza, "Umejaribu?" Akisema shibiri moja, nilisema, "Mbona si mbili?" Alicheka tu. "Haya, Jaji wa Doonside," alisema, "mahakama imeketi?"

Wiki moja tundu la Amani lilipata samaki Jumanne, naye akampiga picha kwenye simu. Jumatano na Alhamisi hakuna. Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Baba mdogo alimwinua samaki mkubwa, nami nikaona pezi la mgongoni limechanika katikati.

"Baba mdogo, huyo ni yule wa Jumanne."

"Jumanne gani tena?"

"Wa Amani. Angalia pezi. Tuna picha."

Alimgeuza samaki mkononi kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Aa, Jaji. Samaki wa huku wanafanana."

Nikamtumia picha palepale. Amani, ambaye siku zote alijibu kila kitu kwa Kiingereza, safari hii alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Ile ni samaki yangu."

Baba mdogo alisema betri inaganda, akaomba tumsalimie mama, akakata.

Nilikwenda jikoni na ushindi wangu. Mama hakuondoa macho kwenye kikaango.

"Unafikiri mimi sikuliona hilo pezi?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu alikuwa anapiga simu."

Kesho yake saa nne tuliiweka simu mezani, tukaitazama. Jumapili alipiga akiwa nyumbani kwake, amevaa shati safi, akauliza habari za masomo. Ziwa hatukuliona tena. Nilikuwa nimethibitisha kwamba mtu asiye na kazi, kwenye baridi ile, alikuwa akirudi ziwani na samaki yuleyule ili sisi tusikose.

Siku hizi, nasikia, wavuvi wa kule wana mtambo wa kuwaonyesha samaki chini ya barafu. Hawana haja ya kungoja, wala ya kuaminiana. Nami nimemaliza chuo kikuu, nalipwa kukagua maneno ya watu. Januari iliyopita nilimpigia baba mdogo saa nne asubuhi, nikamwuliza kama bado anavua.

"Barafu siku hizi si nene kama zamani, mwanangu," alisema. "Mtu anaweza kuzama."

Nilikuwa nimeangalia hali ya hewa ya mji wake kabla ya kupiga. Baridi ilikuwa ya kugandisha hata dizeli. Swali lilinijia ulimini, na picha ya pezi bado ninayo.

"Kweli, baba mdogo," nikasema. "Si nene."