Kopo Nililolitupa Shimoni

Enzi zetu hapa Gisenyi, plastiki hatukuijua. Kopo la maziwa likiisha, Mzee Abdala, jirani yetu fundi wa mabati, alilikata likawa koroboi. Lile la mafuta tulichotea maji. Mama alikuwa akisema, "Kitu hakifi, ni mikono yenye uvivu." Si kama watoto wa leo, maji yakiisha tu chupa inaruka dirishani kama panzi.

Asubuhi moja nilichoka kusugua kopo lenye kutu, nikalitupa katika shimo nyuma ya nyumba, walikochimba mawe meusi ya kujengea. Mama akaliulizia. Kwa uvivu nikamtuma mudogo wangu Mwamini, wa miaka mitano, akalilete. Nilisahau kwamba hakukuwa na upepo. Siku kama hizo wakubwa walitukataza shimo lile sababu ya mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala chini kama maji. Haina rangi, haina harufu. Unakuta tu kuku amelala, haamki.

Nilingoja. Nikaita, "Mwamini we!" Nikachungulia. Alikuwa ameegemea jiwe, kopo mapajani, kichwa kimeinama kama mutu anayesikiliza.

Nilipiga kelele. Mama akaja mbio, akataka kuruka ndani. Mzee Abdala akamushika nguo.

"Mama Hadija, ngoja! Unataka tuzike wawili?"

Akawasha koroboi, akaiteremusha kwa kamba. Moto ulifika katikati ya shimo ukazimika, kama umefinywa na vidole. Basi akajifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akafunga mudomo, akashuka. Tukamuvuta, mutoto akiwa begani.

Mwamini alilala majanini muda murefu, midomo imegeuka rangi. Mwishowe akakohoa. Hakumwangalia Mama, aliniangalia mimi, dada yake mukubwa.

"Yaya Hadija, mbona mumenitoa? Alikuwa ananibembeleza."

Mama akaangalia shimo, akamubeba mbio ndani.

Leo shimo lile limejaa chupa za plastiki, na wajukuu wangu wanacheza ukingoni. Ninaziokota zilizo karibu, ninaziosha, ninatilia mafuta na maharagwe. Wao wanacheka: "Bibi anapenda takataka!" Zamani mutoto akikawia kidogo, mutaa muzima uliita jina lake. Siku hizi naita peke yangu. Wako na vile vya muziki masikioni, hawajibu. Basi natembea polepole mpaka pale, namugusa kila mumoja shingoni, nisikie kama iko joto.