Pua ya Mdogo Wangu

Niliisikia pua kabla sijafungua macho: filimbi nyembamba, ikakatika, ikaanza tena. Ilikuwa ya mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado kwenye ziwa la mama. Kila alipoanza kunyonya alikosa pumzi, akaliachia.

Mafua yale niliyaleta mimi kutoka shuleni, tulikobanana benchi moja tukikoholeana usoni. Papa, baba yangu, niliyekula naye sahani moja, akafuata. Mitego yake ikabaki kwenye maporomoko ya mto, samaki wakijiozea. Kisha mtoto. Kisha mama, aliyetetemeka tangu alfajiri asikubali kulala.

Muuguzi wa dispensari alikuwa amemwonya. Watoto wanaikohoa homa hii na kurudi mchezoni, lakini mzee mwenye kifua kibovu inaweza kumzika. Kila mtu na kikombe chake, dirisha liwe wazi, wazee wakae mbali.

Koko, mama mzazi wa mama, alikuwa na kifua hicho. Tangu mvua zilizopita alipumua kama pirogi, mtumbwi wa gogo, inayoburutwa mchangani. Na kwetu, pua ya mtoto ikiziba, ni koko anayeifyonza kwa mdomo na kutema majivuni. Alikuwa amepata habari, akavuka mto. Sasa alisimama mlangoni, na mkono wa mama ulikuwa umemzuia.

“Nilifyonza pua yako wewe,” koko alisema. “Leo mudomo yangu iko mubaya?”

“Si mudomo yako, mama. Ni kifua yako. Muuguzi alisema.”

“Na huyo muuguzi, nani alifyonza pua yake?”

Nyuma yetu filimbi ilikuwa imenyamaza. Niligeuka: mdomo wa mtoto ulikuwa wazi, ngozi ikizama kati ya mbavu. Koko akausukuma ule mkono. Mama hakuutoa. Aliniambia nimlete mtoto.

“Mimi homa imekwisha kunishika,” akasema. “Bakia pale, mama. Unifundishe.”

Koko akarudi nyuma hadi uani, na kutoka huko, kwa sauti ya chini, akamwelekeza: amwinamishe kichwa, avute polepole, asimeze. Mama akafyonza, akatema majivuni. Akafyonza tena. Ndipo mtoto akalia, kilio kinene cha hasira, na alipopewa ziwa hakuliachia.

Koko alibaki na mikono mitupu. Akauliza kama arudi kesho. Mama akamjibu kwamba atamwita kikohozi kikiisha nyumba nzima. Nilimnyoshea mkono kumuaga. Aliutazama, akautamani, akaurudisha wake ndani ya kitenge. Alipofika kwenye njia ya mtoni, mama akafunga mlango.