Wavu wa Kitambaa cha Pazia

Siku hizi meza ya jikoni ni ya kulia tu, na fundi cherehani bado hajaizoea. Zamani, kabla ya kuweka sahani, ilimbidi asogeze beseni jeupe la mkewe, lenye maji ya kijito na vijidudu vikiogelea. Alinung'unika kila jioni. Sasa hakuna cha kusogeza, na nyumba imepoa.

Kazi ya mkewe ni kupima afya ya vijito. Husimama majini, akichokonoa mawe kwa mguu, wavu ukiwa upande maji yanakoelekea. Wadudu wanaonaswa ndio humwambia kama maji yana uhai. Nyavu zake hushonwa na mumewe, yule fundi.

Mwaka mmoja manispaa ilikuwa inaamua hatima ya kijito cha nyuma ya mtaa wao. Kikiwa hai, kingo zake zirudishiwe miti. Kikiwa kimekufa, kifunikwe kwa zege kiwe mtaro. Mkewe alipima kwa wavu mpya, kuanzia kwenye chemchemi yake hadi mtaani, wavu ukatoka mtupu. Akaripoti kwamba kimekufa.

Jumamosi, akiusuuza wavu ule mpya, aliona chembe za mchanga zinapenya bila kizuizi. Akauinua dirishani.

"Baba watoto, kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Kilibaki kwenye mapazia. Kile chenye matundu madogo kiliisha. Kwani si kitambaa tu?"

"Kitambaa tu! Wadudu wachanga wote wamenitoroka humu!" Akacheka mpaka akakaa sakafuni, halafu kicheko kikakatika. "Na mimi nimeshakizika kijito kikiwa hai."

"Nitakwenda ofisini kwenu nijieleze."

"Ukajieleze nini? Wavu niliuingiza majini mimi, sikuukagua. Wewe kaa kwenye cherehani yako, unishonee mwingine."

Jumatatu mkuu wake alishika kichwa. "Sasa wakubwa wa manispaa niwaambie nini?"

"Waambie nilikosea. Na waniache nipime upya."

Safari hii, karibu na chemchemi, wavu wa matundu madogo ulijaa wadudu wachanga wenye mikia mitatu, aina isiyovumilia maji machafu. Kadiri alivyoteremka walipungua, na mtaani hakuwapo hata mmoja. Akawaeleza wakubwa kwamba uhai umejibanza huko juu. Kingo zirudishiwe miti kuanzia huko, nao utateremka wenyewe. Walibishana naye sana, mwishowe wakakubali.

Sasa mkewe amepanga chumba karibu na chemchemi, anasimamia upandaji wa miti, na nyumbani huja mwisho wa wiki.