Kizibo cha Majani ya Mgomba

Dada yangu alipozibua kibuyu cha uji kunikaribisha nyumbani, harufu ya majani makavu ya mgomba ilinirudisha darasani. Siku ile alininong'oneza jibu kwa Ekegusii, lugha iliyokatazwa shuleni. Mwalimu alichomoa kizibo cha majani kwenye kibuyu chake cha uji, akamsokomezea kinywani.

"Stop!" alisema. "Haya, ongea sasa, malkia wa migomba!"

Darasa zima lilicheka. Dada hakurudi shuleni tena. Mimi nilisonga hadi diploma ya Kiingereza, wa kwanza mlimani kwetu.

Sasa, dada akiwa bado ameshika kizibo, nikamweleza kwamba zamani neno "stop" la Kiingereza lilikuwa na maana ya kuziba tundu kwa nyuzi, ndipo likaja kumaanisha kukoma.

"Kumbe mwalimu alikuwa amesoma kama wewe, ndugu yangu," alisema, akakiziba kibuyu kabla sijanywa.