Ukucha Mweupe Begani kwa Mama

Nina picha moja tu ya mama yangu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba inaliwa.

Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja. Mama amesimama ukingoni mwa mto Kilombero, pale kivukoni, enzi zile ambapo daraja lilikuwa halijajengwa na watu wa Mahenge walivushwa kwa pantoni kuja Ifakara. Amevaa gauni la vitone na amenibeba mgongoni kwa khanga. Mimi naonekana utosi tu. Mwaka uliofuata alifariki, nikalelewa na bibi. Begani kwake, upande wa kushoto wa picha, kuna alama nyeupe iliyopinda kama ukucha uliokatwa, na katikati ya ukucha huo kuna kijino.

"Unyevu huo," bibi aliniambia nilipokuwa darasa la nne. "Umeshaanza kuila. Ipo siku utamfika usoni."

Bibi hakuwa na nia mbaya, alisema tu alichokiona. Lakini tangu siku hiyo, kila masika yalipoingia nilichukua rula nikapima kutoka kwenye alama hadi shavuni kwa mama. Milimita tisa. Mwaka mwingine milimita tisa, na mwingine tena. Haikuwahi kusogea, na mimi sikuwahi kutulia. Uso ule ndio pekee nilioachiwa, sikuwa na mwingine wa kuutazama ukishaharibika. Nikaihifadhi picha kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa mchele uliokaangwa bila mafuta, maana mchele mkavu unanyonya unyevu, na mchele kwetu si kitu cha kutafuta.

Kopo hilo ndilo lililonitia kwenye ugonjwa wa lenzi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo, nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Kibaoni. Akaniambia niizike kwenye mchele siku mbili. Nikamwambia asinifundishe mchele, mimi nina picha kwenye mchele tangu nikiwa mtoto. Akacheka mpaka mkewe akachungulia kutoka ndani, kisha akainama akavuta kopo lake la bati chini ya meza. Ndani, juu ya mchele, zilikuwa zimelala lenzi nne za kamera za zamani, za chuma tupu, nzito, namba zake zimechongwa na mtu aliyekusudia zidumu.

Kazi yangu ni kuangalia damu kwenye hadubini. Nilijiona nimeshaona kila ambacho kioo kinaweza kuonyesha. Fundi akafunga lenzi moja kwenye kamera yake ya kisasa kwa pete ya kuunganishia, akaniambia nimtazame mama aliyekuwa anachoma mahindi ng'ambo ya barabara. Nikazungusha pete ya lenzi taratibu. Mama yule akajitokeza, nywele moja moja, jasho la juu ya mdomo, na nyuma yake Kibaoni yote, bodaboda, mabango, miembe, ikayeyuka ikawa rangi tupu. Nilimjua mama yule miaka, nilinunua mahindi kwake, na sikuwa nimewahi kumwona.

Basi, nikapotea. Mtu wa tatu katika upotevu wetu alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa Mlabani, ambaye babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara huku. Jumamosi, baada ya yeye kuswali alasiri, tulikutana uani kwake. Tulikuwa na masharti yetu, na mimi, kwa ukali wangu, ndiye niliyekuwa askari wa masharti hayo. Lenzi ngeni haigusi meza kabla ya kuanikwa juani siku saba, kwa sababu bonde hili lina kuvu na kuvu inaambukiza. Mchele wa kwenye makopo hukaangwa upya kila masika, na mke wa mzee alilalamika kwamba nyumba yake inanukia wali ambao haumfikii mtu tumboni. Na sharti kubwa: kabla ya kuigusa lenzi kwa matengenezo, unapiga picha ya paa la bati la jirani jua likiwa nyuma yake, unaitazama picha hiyo vizuri, ndipo unashika bisibisi. Ukimaliza unapiga nyingine. Bila hivyo mtu hujidanganya kwamba ameponya.

Jumamosi moja mzee alikuja na kitu kwenye leso. Ilikuwa lenzi ya marehemu baba yake, ambaye kabla ya duka la vitambaa alikuwa mpiga picha wa mjini. Imekaa sandukuni, alisema, hakuwa na moyo wa kuitoa. Alikuwa ameianika siku saba bila kutuambia.

Ilikuwa nzuri ajabu. Ila ukingo wa kioo cha mbele ulikuwa umemeguka, kipande kidogo kama punje ya chenga. Kioo kikimeguka, pale palipomeguka hushika mwanga na kuutapanya ovyo, na dawa yake sisi tunaijua: unapaka wino mweusi, ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, mwanga unakosa pa kushika. Mwenye mkono usiotetemeka ni mimi. Fundi akapiga paa haraka haraka, akasema, "Dada, njoo ucheki kwanza." Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka Udzungwa na mimi nilikuwa na haraka ya kuonyesha ustadi wangu.

"Nitaona baadaye," nikasema. Nikapaka wino.

Tukapiga picha ya pili. Safi kabisa, mzee akafurahi. Fundi akaziweka zote mbili kwenye kompyuta yake, kabla na baada, ndipo nikatazama ile ya kwanza.

Pembeni mwa paa, kushoto, kulikuwa na ukucha mweupe. Katikati yake, kijino.

Nilikaa juu ya gunia la mchele la mke wa mzee bila hata kuomba. Fundi alidhani sukari imeshuka, akanitafutia soda. Nilimuuliza mzee:

"Mzee, baba yako alikuwa anapiga picha kivukoni?"

"Kila siku ya gulio, binti yangu. Watu wakishuka kwenye pantoni wamevaa vizuri, yeye anawangoja. Kwa nini?"

Niliondoka mbio, nikarudi na kopo. Nikaipukuta picha mchele, nikaiweka mezani kando ya kompyuta. Kisha mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Hii ni kazi ya baba."

"Inaweza kuwa bahati tu," nikasema, kwa kuwa niliogopa kuamini. "Unyevu nao unachora."

"Basi tukapige palepale kivukoni tuone," fundi akasema.

Lakini alama yenyewe nilikuwa nimeshaizima kwa mkono wangu, mimi askari wa masharti. Na wino ule ukiingia kwenye kioo kilichomeguka hukamata, maana pale panakwaruza. Nilimwomba mzee ruhusa ya kuusafisha. Angeweza kukataa, lenzi ilikuwa imeshapona na ilikuwa kumbukumbu yake pekee ya kazi ya baba yake, na spiriti ikivuja ndani inaharibu gundi ya vioo. Akanisukumia ile leso. "Iguse," alisema. "Mama ni mama."

Nilitumia Jumamosi mbili. Kijiti cha pamba, tone dogo la spiriti, napangusa, naacha, naangalia chini ya hadubini kama ninavyoangalia damu ya mtu mgonjwa. Wino ulitoka chembe kwa chembe. Sijawahi kuogopa mikono yangu kama nilivyoiogopa wakati ule.

Jumamosi ya tatu tulikwenda mtoni, saa kumi. Magari yalikuwa yanapita juu darajani, na chini, pale zilipokuwa zinashukia pantoni, kulikuwa na majani na mitumbwi miwili. Nilisimama nilipokisia mama alisimama. Fundi akampa mzee kamera. Mzee akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi napiga maua na mapaa," alisema. "Baba ndiye alikuwa anapiga watu. Mimi watu nawaogopa."

"Mzee, piga tu, hang'ati huyu," fundi akamwambia.

Mzee akachuchumaa kidogo, na nikaona anakumbuka kitu. "Geuka, binti yangu. Kidogo tu. Baba alikuwa anasema jua likae nyuma ya bega la mtu, nywele zipate taa." Nikageuka. Joto la jua likanipata shingoni. Kamera ikalia mara moja.

Hakuionyesha. Aliitazama peke yake, akamkabidhi fundi, akaenda kusimama karibu na maji akitupa mgongo. Fundi naye akatazama, akanipa kamera mkononi.

Nilikuwa pale, mkubwa kuliko mama alivyowahi kuwa, nimekunja uso kwa jua. Na begani kwangu, upande uleule, ulikuwepo ukucha mweupe wenye kijino.

Nililia, sitaki kusema nilifanya kingine. Milimita tisa zangu zote, rula zangu zote! Haikuwa kuvu wala unyevu, na hakuna kilichokuwa kinamsogelea usoni. Lilikuwa ni jua la alasiri ile, lilimpita mama begani, likanipita mimi utosini, likagonga kioo kibovu cha mtu aliyetaka nywele zake zipate taa, likabaki. Niliuogopa mwanga wa siku pekee ninayojua nilikuwa naye.

Kioo kile tumekiacha kimemeguka hivyohivyo. Mzee sasa anapiga watu, Jumamosi wanapanga foleni uani kwake, na kila mmoja anaondoka na ukucha wake.

Mimi niliporudi nyumbani jioni ile niliitoa picha kwenye kopo, nikaitia fremu, nikaitundika ukutani sebuleni, mahali mwanga wa dirisha unapofika. Ule mchele niliwamwagia kuku.